Taa yacheza, gitaa lalia

SWALI: Fundi, napiga gitaa na bendi ya hoteli hapa Bamburi. Taa nyekundu ya amplifaya yangu kuukuu, Fender ya valvu, huwaka na kuzima, ila sauti haina kasoro. Nibadilishe transfoma?

JIBU: Transfoma iache, ndugu yangu. Nashuku holda: chumvi ya upepo wa bahari hula chuma bila huruma. Chomoa umeme, zungusha utoe kioo chekundu, itoe balbu, sugua kitako chake kwa msasa laini. Ikikataa, tia mpya namba 47, ya volti 6.3. Valvu nazo zikififia pamoja na taa, nyaya za hita zina hitilafu. Mwachie fundi, maana kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata umeme ukishachomolewa.