SOMO LA UVUVI: NDOANA YA PILI KATIKA CHAMBO CHA BANDIA

Wilaya za Newala na Masasi hazina pwani. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na Masasi iko magharibi yake, penye vilima vya mawe. Samaki wa kitoweo wa wakaazi wake hutoka katika maji mawili: bahari ya Mtwara na Lindi, ambako samaki hukaushwa au hukaangwa kabla ya safari ya barabara, na Mto Ruvuma, upitao bondeni upande wa kusini. Maji haya hayavuliwi kwa namna moja. Yafuatayo ni maelezo ya mahali ambapo ndoana ya pili inafaa na mahali ambapo inaleta maafa, kwa faida ya mvuvi wa kisiwani aendaye dago pwani ya kusini na mtumishi aliyehamishiwa wilaya hizo.

Sababu yake

Nguru na mzia wana meno makali, na aghalabu hulikata windo kwa nyuma. Chambo kirefu cha bandia chenye ndoana moja karibu na kichwa huumwa mkiani. Mvuvi husikia mshipi ukitikisika, kisha huvuta chambo kilichokatika. Dawa yake si kuongeza ndoana nyingi, bali ni kuweka moja pale samaki anapouma.

Namna ya kufunga

1. Ndoana ya pili ifungwe kwa kipande kifupi cha waya kwenye tundu la ndoana ya kwanza. Nailoni haifai, kwani meno ya nguru huikata.

2. Waya uishie kabla kidogo ya ncha ya mkia. Ukizidi urefu, ndoana ya nyuma hurudi na kuishika ya mbele.

3. Ndoana ya pili isiwe nzito kuliko ya kwanza. Uzito ukizidi nyuma, chambo huning'inia mkia au hulala ubavu, na samaki hukikimbia.

4. Kabla ya kurambaza, chambo kivutwe kwanza ubavuni mwa chombo na kutazamwa. Kikizunguka au kikienda upande, ndoana ipunguzwe.

Hatari mbili

Ya kwanza ni mkononi. Samaki aliyenaswa na ndoana moja huja chomboni akiitupatupa ya pili, nayo humchoma amshikaye. Mshipi usizungushwe mkononi, na ndoana itolewe kwa koleo, si kwa vidole. Ikiwa ndoana imezama mwilini kupita kijino chake, isivutwe kwa nguvu. Aliyeumia apelekwe kituo cha afya, apate pia kinga ya pepopunda.

Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni mtoni. Ruvuma ina visiki na magogo, na kila ndoana iongezwayo ni nafasi nyingine ya kunasa. Mvuvi asiyetaka kupoteza chambo chake huingia majini kukinasua. Na mto huo una mamba na viboko. Isitoshe, faida yenyewe haipo, kwani kambare ana kinywa kipana na humeza chambo kizima. Mtoni ndoana moja inatosha, na ikinasa mshipi ukatwe. Ndoana hununuliwa dukani, roho hainunuliwi.

Sheria

Uvuvi wa Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria Na. 22 ya mwaka 2003, na ule wa Zanzibar na Sheria Na. 7 ya mwaka 2010. Mvuvi wa kisiwani avukapo kwenda bara hufuata sheria ya huko. Aidha, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina masharti yake. Wageni waonane na wasimamizi wake kabla ya kutia mshipi majini.

Wananchi wenye kuhitaji maelezo zaidi wanaombwa wafike kwa Ofisa Uvuvi wa wilaya waliyopo.