Jua haki zako: Lupasi, kazi na kijana wa miaka 15

Lupasi ni ugonjwa mgumu kumweleza bosi. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, viungo vinauma, uchovu unamlaza mtu wiki nzima, kisha Jumatatu anaonekana mzima kabisa. Kazini wanasema anadeka. Nyumbani yupo kijana wa kidato cha pili anayetaka nauli, madaftari na mtu wa kumfuatilia, na baba yake aliondoka zamani. Sheria za Tanzania Bara zina mengi ya kumpa mama anayebeba yote haya, ila karibu yote yanadai karatasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku hizo ni za mzunguko wa miezi 36, si za mwaka mmoja. Ugonjwa unaokuja na kuondoka huzimaliza kimyakimya, siku 4 leo, wiki 2 mwezi ujao, kwa hiyo weka hesabu yako mwenyewe kwenye daftari. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa, hivyo ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ukishaandikiwa ipige picha kabla hujaikabidhi. Aliye kazini chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki hii bado.

Je, unaweza kuachishwa kazi kwa kuugua? Hapa watu hudanganyana sana. Sheria haisemi kwamba mgonjwa haguswi. Inakubali mtu aachishwe kwa kukosa uwezo wa kufanya kazi, lakini mwajiri kwanza aangalie kama ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, atafute kazi nyingine au marekebisho yanayowezekana, na akusikilize kabla ya kuamua. Wagonjwa wengi wa lupasi hudhurika na jua. Kumtoa mlinzi kwenye jua la getini na kumpeleka mapokezi ni marekebisho ya aina hiyo. Yaombe kwa barua, ukiambatanisha maelezo ya daktari yanayotaja unachoweza na usichoweza kufanya, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo yana tabia ya kusahaulika siku ya shauri.

Ukiachishwa na hukuridhika, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Ukiwa kitandani siku hizo huyeyuka. Unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na vyeti vya kulazwa vitakusaidia kuzieleza, lakini usipange kutegemea huruma hiyo.

Mama lishe au fundi cherehani aliyejiajiri hana wa kumdai siku 126. Kwake yeye mlango mkubwa ni matunzo ya mtoto, na naona ajabu jinsi unavyobishwa hodi kwa kuchelewa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na wajibu wa kumtunza ni wa wazazi wote wawili, wawe walioana au la. Mahakama inapopanga kiasi hutazama kipato cha kila mzazi. Kama mliamriwa kiasi fulani ulipokuwa na nguvu na sasa hufanyi biashara nusu ya mwezi, omba amri ibadilishwe. Kijana akiwa bado anasoma, matunzo yanaweza kuendelea hata baada ya miaka 18. Baba akimkana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, ila usisubiri mtoto avuke miaka 18 ndipo uanze kudai.

Kuna tishio ambalo akina mama wengi wagonjwa wamelisikia: "Wewe hujiwezi, namchukua mtoto." Ugonjwa peke yake haukunyang'anyi mtoto. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, na maoni yake huzingatiwa akiyatoa bila kushinikizwa. Usimfundishe cha kusema; hakimu hung'amua upesi. Lakini kijana akikosa shule kila wiki ili akuuguze, hilo nalo litaonekana. Mwone mapema afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ambaye pia anaweza kumwita mzazi mwenzako mkazungumza kabla ya mahakama. Mashauri mengine huishia hapo.

Wosia nao uandikwe ukiwa na nafuu. Taja ungependa kijana alelewe na nani. Mahakama bado itapima maslahi yake, lakini ndugu hawatabaki kubahatisha. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kutunza wosia.

Usiyeweza kumlipa wakili unaweza kuomba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkataba au hati za mshahara kama unazo, kadi ya kliniki na ile nakala yenye muhuri.