SOMO LA BIBLIA: Neno "boast", kujisifu kwetu na kapu la Dameski



Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana kwenye vikundi: Yeremia 9:23-24, 2 Wakorintho 11:16-33, Yakobo 4:13-16.

Vijana wanaosoma Kiingereza hukutana na neno "boast" sehemu mbili. Katika Biblia ya Kiingereza linakemewa. Katika gazeti wanasoma kwamba mji fulani "boasts" soko au daraja, wala hakuna anayeukemea mji huo. Sasa neno hili lina maana gani? Swali hili si la vijana peke yao. Wako wazazi kati yetu wanaonyamaza mahali wanapotakiwa kusema kwa kuogopa kujisifu, na wako wengine wanaosema sana.

Tuanze na mji. Msafiri anayetoka Busia au Malaba kwenda Kampala huvuka mto Nile pale Jinja. Tangu Oktoba 2018 magari hupita juu ya daraja jipya lenye urefu wa mita 525, lililoshikiliwa na nyaya kutoka nguzo ndefu. Mwandishi wa Kiingereza ataandika, "Jinja boasts a fine bridge." Maana yake ni kwamba Jinja ina daraja zuri la kuonea fahari, basi. Kwa Kiswahili tungesema Jinja inajivunia daraja lake. Angalieni hapo: kujivunia, si kujivuna. Herufi moja tu imeongezeka na maana imegeuka. Anayejivunia anafurahia kitu chema au mtu wake. Anayejivuna anajiweka juu ya wenzake. Mtoto akitaka kuandika "najivunia baba yangu" asiandike "I boast my father", maana mwalimu atamkata alama. Aandike, "I am proud of my father."

Neno hili likisemwa juu ya mtu, mara nyingi linabeba lawama: ni kujigamba, kujitapa. Lina ndugu yake, "brag", ambalo ni la mazungumzo zaidi na lawama yake ni nzito zaidi. Lakini "boast" halisemi kwamba mtu anadanganya. Mtu anaweza kujisifu kwa jambo la kweli kabisa, na hapo ndipo wengi tunateleza. Tunasema, "Si uongo, kwa nini nisiseme?"

Jinja hiyo hiyo ina mfano. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ambapo maji ya ziwa yalikuwa yakitoka kwa maporomoko na kuwa mto. Aliyapa maporomoko hayo jina la Ripon, bwana mkubwa aliyewahi kuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, kisha akapeleka habari kwao kwamba suala la chanzo cha Nile limekwisha. Je, alisema uongo? Hapana. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa akaona kwamba Speke alikuwa sahihi. Lakini Wasoga walikuwa wakiishi na kuvua samaki pale tangu zamani, na jina la Jinja lenyewe linatokana na mawe ya mahali hapo. Sifa ya kuujua mto ikahesabiwa kuwa ya mgeni mmoja. Ugomvi wake na mwenzake Burton juu ya sifa hiyo uliendelea mpaka Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mkutano wa mjadala mjini Bath. Maporomoko aliyoyapa jina nayo yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Leo ukienda pale huyaoni.

Ukipanda kuelekea Mbale utakuta kujisifu kwa namna nyingine. Wagisu hutahiri vijana wao miaka kama 2022 na 2024, mwaka mmoja ndani ya kila miwili, na ufunguzi hufanyika Mutoto, karibu na mji. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akicheza ngoma na kutangaza kwamba haogopi. Ikifika siku yenyewe anasimama mbele ya watu wote bila kutikisika. Sisemi hapa juu ya desturi yenyewe, hilo lina somo lake. Ninachotaka tuone ni kwamba maneno yake ni kama deni: aliyoyasema atayalipa kwa mwili wake, na watu wanatazama. Mfalme Ahabu alimjibu Ben-hadadi kwa wazo la namna hiyo katika 1 Wafalme 20:11, kwamba anayevaa silaha asijisifu kama yule anayezivua vita vikiisha. Ahabu hakuwa mtu mwema, lakini siku hiyo alisema kweli.

Sasa tuje kwenye Biblia. Hapa Kiswahili chetu kina msaada ambao Kiingereza hakina. Sisi tunasalimiana "Bwana asifiwe". Kitenzi ni sifu. Ukikigeuza kikurudie mwenyewe kinakuwa kujisifu. Kiebrania cha Yeremia kiko hivyo hivyo: neno lake la kujisifu linatoka kwenye mzizi mmoja na "haleluya". Ni sifa ile ile, imegeuzwa uso tu. Kiingereza cha zamani cha King James kiliandika "glory" mahali ambapo tafsiri nyingi za sasa zimeweka "boast", na wenzetu waliosoma Kifaransa wanajua "se glorifier", ambalo si sawa na "se vanter". Waganda nao hutofautisha okwewaana na okwenyumiriza. Kwa hiyo msomaji anayejua "boast" kwa maana ya majigambo peke yake atashangaa akisoma kwamba Yeremia hakukataza kujisifu moja kwa moja. Alimkataza mwenye hekima kujisifu kwa hekima yake, mwenye nguvu kwa nguvu zake na tajiri kwa mali yake, kisha akaruhusu jambo moja: kujisifu kwa kumjua Mungu, atendaye wema na hukumu na haki. Swali la nabii ni hili: umeegemea nini?

Paulo aliyajua maneno hayo, maana anayarudia kwa Wakorintho katika barua zote mbili. Katika 2 Wakorintho 11 wapinzani wake wamejisifu sana, naye analazimika kujibu. Anataja mapigo, vifungo, meli kuvunjika, njaa na baridi. Halafu mwisho wa orodha yake ya sifa anaweka nini? Anaweka usiku aliokimbia Dameski. Liwali wa mfalme Areta alikuwa anamvizia, na ndugu wakamshusha kwa kapu kupitia dirisha la ukutani. Kwa Warumi, askari wa kwanza kupanda ukuta wa adui na kuingia mjini alipewa taji. Paulo anasimulia jinsi yeye alivyoshuka ukuta akikimbia, kama mzigo wa mahindi.

Wapendwa, habari hiyo tunaifahamu. Wako waliovuka usiku kutoka Kongo, na wako waliotoka Kenya mwaka 2008 wakapokelewa Mulanda, Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Wengi hawapendi kuisimulia kwa sababu wanaiona ni aibu. Badala yake tunasimulia nyumba ya matofali tuliyoiacha, ng'ombe na duka. Au tunajisifu kwa kesho: "Mwakani sisi tuko Marekani." Yakobo ameliita hilo kujisifu kubaya, na hakuwa anawacheka wenye matumaini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapata tarehe ya kusafiri zikabaki. Kuna waliokuwa wameshauza masufuria yao.

Upande wa pili uko mama aliyekuwa mkunga miaka mingi. Anaitwa kwenye usaili wa kazi kituo cha afya, anaulizwa anajua nini, anajibu, "Kidogo tu." Anadhani huo ni unyenyekevu, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anakosa msaidizi. Mama, kusema "I worked as a midwife" si "boasting". Ni kujibu ulichoulizwa. Paulo mwenyewe alipokamatwa Yerusalemu alisema waziwazi kwamba ni raia wa Rumi (Matendo 22:25), na akaepuka mijeledi.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi:

1. Someni Yeremia 9:23-24. Kati ya hekima, nguvu na mali, ni kipi tunakitaja zaidi tunapozungumza habari za nyumbani? Kwa nini?

2. Ushuhuda wa Jumapili unageuka lini kuwa kujisifu? Semeni mifano bila kutaja majina ya watu.

3. Kila mmoja aandike sentensi mbili kwa Kiingereza za kueleza kazi anayoijua, azisome kwa sauti. Wengine wasikilize wasicheke.

4. Nani yuko tayari kutusimulia habari ya kapu lake?