Nyumba Yako Mvumi: Kabla ya Kuuza Nusu ya Kiwanja

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma, mwenye nyumba wa Mvumi amejikuta jirani wa soko asilolizoea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Ofisi za wizara zimejengwa Mtumba, Ikulu iko Chamwino, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Mvumi, iliyo umbali wa takriban kilomita 40 kusini mashariki mwa jiji, haijawa kitongoji cha mji. Hata hivyo wanaotafuta viwanja wameanza kuitazama, na pale Mvumi Misheni, penye hospitali, chuo na shule, wapangaji wamekuwapo tangu zamani.

Katika hali hiyo, mwenye nyumba huletewa pendekezo ambalo kwa kawaida ni lile lile: auze nusu ya eneo lake, na kwa fedha atakazopata abomoe nyumba ya zamani na kujenga nyumba ya kisasa ya tofali za kuchoma. Somo hili linamwomba asubiri kidogo. Kiwanja kikishauzwa hakirudi kwa bei ile ile, na sehemu kubwa ya thamani ya nyumba inaweza kuongezwa bila kuuza hata hatua moja ya ardhi.

Tuanze na karatasi, maana mnunuzi makini na benki huuliza karatasi kabla ya kuuliza rangi ya bati. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo mwanakijiji anaweza kupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo huandaliwa na Halmashauri ya Kijiji na kusajiliwa. Mahali palipotangazwa kuwa eneo la mipango miji, utaratibu hubadilika na hati hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea Mtendaji wa Kijiji ni hili: eneo langu liko upande gani? Karatasi ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili na dalali ni ushahidi wa mapatano tu. Haigeuki kuwa hati kwa sababu imepigwa muhuri. Na mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri ya Kijiji yanaweza kubatilika, jambo linalomwumiza mnunuzi leo na muuzaji kesho.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa, na pengine husahauliwa kwa makusudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayemwambia dalali kwamba mke wake hana neno, huku mke hajaulizwa, anauza ugomvi pamoja na nyumba.

Sasa tutazame paa, kwa sababu hapa ndipo penye akiba ambayo watu wengi wa nyanda za kati huiacha imwagike chini. Mvua ya Dodoma ni haba na hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, takriban milimita 550 kwa mwaka wa kawaida. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ambayo paa lake, likipimwa kwa kivuli chake ardhini na si kwa mteremko wake, ni mita 8 kwa 7. Hizo ni mita za mraba 56. Zidisha kwa 550, upate lita 30,800. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayokauka na yale ya kuoshea paa. Zinabaki zaidi ya lita 24,000. Hata mwaka mbaya wa milimita 400 hutoa karibu lita 18,000.

Mtu atasema kwamba hana fedha za tangi la kuhifadhi maji yote hayo. Ni kweli, wala hahitaji. Kaya ya watu watano ikitenga lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika pekee, simtanki moja la lita 5,000 huitosha siku 200, yaani tangu mwanzo wa Mei hadi katikati ya Novemba. Maji ya kufulia na ya mifugo yatoke kwingine. Tangi hilo, chini ya paa tulilolipima, hujazwa na mvua ya milimita 112, kiasi kinachoweza kunyesha katika mwezi mmoja mzuri wa masika. Mwenye kuwahi kununua maji kwa dumu mwezi Oktoba ajifanyie mwenyewe hesabu ya dumu ngapi zimo katika lita 5,000.

Mambo machache huharibu kazi hii nzuri. Gata lisilo na mteremko hutuama maji na kuzaa mbu. Mvua ya kwanza hubeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege, hivyo iachwe ipite kwa bomba la pembeni kabla ya kufunguliwa kuelekea kwenye tangi. Tangi liwe na kifuniko na wavu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kosa kubwa zaidi ni msingi: lita 5,000 ni uzito wa tani tano, na tangi lililokalishwa juu ya udongo uliochimbuliwa juzi litainama au kupasuka. Jukwaa la mawe na saruji si anasa.

Kwa kuwa maji yanategemea bati, ni vema kulinunua kwa macho yaliyofunguka. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na watu wengi huchanganyikiwa hapa: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Muuzaji anayekusifia kwamba lake ni geji 32 na la jirani ni 30 tu, anategemea usijue. Soma maandishi yaliyopigwa juu ya bati lenyewe, wala si juu ya kanga ya bando. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Na dai risiti inayotaja geji, urefu na idadi. Bila risiti ya namna hiyo, malalamiko yako, hata ukiyafikisha Tume ya Ushindani, yatakuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji. Ukichagua bati la rangi, lile ambalo mafundi huliita la msauzi, fahamu kwamba rangi nyeupe au hafifu hurudisha jua kuliko nyekundu iliyokolea au nyeusi.

Joto hilo wazee wa Kigogo walilitatua kwa njia nyingine. Tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, hukaa baridi mchana wa Oktoba na hushika joto usiku wa Juni, kwa sababu udongo mnene hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Hatuwashauri wasomaji warudi kwenye tembe. Paa lake huvuja na hudai marekebisho kila mwaka. Lakini aliyehama tembe na kuingia chini ya bati tupu lisilo na dari amepata ukavu na kupoteza ubaridi. Dari yenye matundu ya hewa, chokaa nyeupe kwenye ukuta wa magharibi, kibaraza upande huo huo na mwarobaini uliopandwa hatua kadhaa kutoka kwenye msingi vitamrudishia sehemu kubwa ya alichokipoteza.

Tumebakiwa na kuta, na hapa Mvumi ina historia yake. Mmomonyoko uliokuwa umeila ardhi ya tarafa hii ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1986, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa kabisa ili miti na nyasi vipate kurudi. Wananchi walilipa gharama kubwa kwa ajili ya vichaka hivyo. Tanuri moja la tofali humeza kuni ambazo kisiki kitachukua miaka kuzirudisha, na korongo likishaanza kutembea kuelekea kwenye nyumba, thamani ya nyumba hiyo hushuka, iwe imejengwa kwa tofali gani.

Mbadala upo. Tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi, hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo vilivyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, bila moto, na kwa kuwa hushikana zenyewe hupunguza udongo wa kujengea. Si kila udongo unafaa. Weka udongo kiasi cha theluthi moja katika chupa angavu, jaza maji, tikisa, kisha uache utulie. Mchanga hutua chini kwa muda mfupi. Mfinyanzi huchelewa kwa saa nyingi. Mchanga ukiwa ndio sehemu kubwa, endelea na majaribio pamoja na fundi. Mfinyanzi ukiutawala, kama ulivyo udongo mweusi wa mbugani, tofali zitapasuka. Tofali mpya zifunikwe kivulini na kumwagiwa maji kwa siku zisizopungua saba. Fundi anayetaka kuzijenga kesho yake ana haraka ya kulipwa.

Nyumba ambayo bado ni nzima haihitaji kubomolewa ili ipate tofali hizi. Zitumie kwa chumba cha kuongeza, au kwa kuinua msingi unaoliwa na matone ya paa. Tofali zifyatuliwe kati ya Juni na Septemba, wakati hakuna mvua ya kuziharibu. Msingi wa tangi ukamilike Oktoba. Na gata lifungwe, lijaribiwe kwa ndoo ya maji, kabla Novemba haijaisha.