SOMO LA MWEZI HUU: TUTUNZE KUMBUKUMBU ZA MAREHEMU WETU



Somo letu ni juu ya cheti cha kifo na vitabu ambamo vifo huandikwa. Wengi hudhani marehemu akishazikwa kazi imekwisha. Sivyo. Anayekufa leo atatafutwa kesho na mjukuu ambaye hajazaliwa.

Mfano ninao nyumbani. Mwanzoni mwa 2008, baada ya fujo za uchaguzi wa Kenya, watu wetu walivuka mpaka Busia na Malaba. Wengi tulipelekwa kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye Kiryandongo. Nilikuwa na miaka sita. Nyanya yangu alifia Mulanda. Baba aliandika tarehe nyuma ya Biblia, basi. Nayo Biblia ikaloa mvua.

Mwaka 2021 baba mdogo, aliyekwisha kurudi Kenya, alitaka kufuata mirathi ya shamba lililokuwa kwa jina la nyanya. Mahakama ikataka cheti cha kifo. Alihangaika Busia upande wa Kenya miezi mingi bila kupata kitu, maana nyanya hakufia huko. Kilichotuokoa ni katekista aliyeandika mazishi yale katika kitabu cha parokia, na padre aliyekubali tukisome. Tulipata siku, mahali na jina kamili. Ndipo tukaanza maombi upande wa Uganda.

TUTAFUTE WAPI?

1. Anza mahali pa kifo, siyo mahali pa kuzaliwa.

2. Uganda: aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo pale pale. Aliyefia nyumbani, anza na mwenyekiti wa LC1. Cheti hutolewa na NIRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Kwa kifo cha kabla ya hapo, uliza pia gombolola na wilayani, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya ofisi nyingine.

3. Kenya: kifo cha nyumbani hupelekwa kwa naibu wa chifu, na cha hospitali huandikwa na hospitali. Usitupe kibali cha mazishi. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa raia.

4. Nyumba za ibada: sheria ya Kanisa Katoliki inaitaka kila parokia iwe na kitabu cha waliofariki. Madhehebu mengine na misikiti, uliza viongozi wake.

5. Mkimbizi asiyeweza kuiendea serikali ya kwao asikate tamaa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 25, unaitaka nchi iliyompokea imsaidie kupata hati za namna hii.

Wenye jamaa mpakani watafute pande zote mbili. Wasamia na Wateso wako huku na huku. Tena hadi 1 Aprili 1902, Busia ya Kenya ya leo ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mpaka ulisogezwa, makaburi yakabaki pale pale.

JE, VITABU VIWE WAZI?

Uingereza huandika vifo tangu 1837, na mtu yeyote akilipa ada hupewa nakala. Marekani, kwa sheria ya 2013, ilizuia wengi kuona orodha yake ya waliofariki kwa miaka mitatu ya kwanza, kwa hofu ya wezi wanaotumia majina ya marehemu. Hofu hiyo ni ya kweli hata kwetu, kwani wako wanaonyang'anya mashamba kwa hati za uongo. Lakini kitabu kikifungwa kabisa, anayeumia ni yatima asiye na shahidi. Tuombe wenye ofisi wawe waangalifu, wasitufungie mlango.

LA KUFANYA WIKI HII

Andika jina kamili la marehemu, jina la baba yake, siku, kijiji na aliyesimamia mazishi. Toa nakala mbili, moja ikae kwa jamaa mwingine. Vitabu vya zamani vya parokia na gombolola vinaliwa na mchwa. Ukiviona katika hali hiyo, mwambie mhusika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BLOKU

- Nani katika ukoo wenu amezikwa njiani, na nani anapajua?
- Mzee huyo akifariki, nani atabaki na habari hiyo?

Asiyejua kuandika aje kwetu wafanyakazi wa jamii, tutamwandikia.