Mmoja Alirudi: Somo Kuhusu Shukrani kwa Waliofanya Kazi Wakati wa Kafyu



Vijana wenzangu, somo letu ni Injili ya Luka 17:11-19. Fungua Biblia yako, hata ile ya kwenye simu, uisome kwanza kabla hujaendelea. Ni aya tisa tu. Tutakungoja.

Haya. Watu kumi wenye ukoma wanakutana na Yesu mpakani mwa Samaria na Galilaya. Luka anataja jambo ambalo zamani tulikuwa tunalipita haraka: walisimama mbali. Sisi tuliopitia mwaka 2020 hatuhitaji kufafanuliwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 13, kilimtaka mwenye ukoma akae peke yake nje ya kambi. Kwa lugha yetu, walikuwa karantini, ila yao haikuwa ya siku 14. Ilikuwa haina mwisho unaojulikana. Yesu anawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumruhusu mtu arudi kwa watu wake. Wakiwa njiani wanapona. Tisa wanaendelea na safari. Mmoja anageuka, anarudi, anaanguka miguuni pa Yesu. Na huyo mmoja ni Msamaria.

Sasa angalia vizuri. Wale tisa hawakuvunja sheria yoyote. Waliambiwa waende, wakaenda. Labda walikuwa na watoto ambao hawajawashika kwa miaka. Inawezekana kabisa kwamba mioyoni mwao walishukuru sana. Lakini Yesu haulizi walichohisi. Anauliza wako wapi. Shukrani katika Injili hii ina miguu: inageuka njiani, inatembea, inamfikia mtu. Luka anapoandika kwamba Msamaria alishukuru, kitenzi anachotumia kwa Kigiriki ndicho kilichotupa neno Ekaristi. Yaani kila Jumapili tunapokwenda Misa, tunakwenda kufanya kile alichofanya huyo mgeni.

Tukiwa na hilo mkononi, turudi kwenye kafyu yetu.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, Ijumaa tarehe 27, kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Serikali ikatoa orodha ya watu waliokuwa na ruhusa ya kuwa nje usiku kwa sababu ya kazi zao: wahudumu wa afya, walinda usalama, wasafirishaji na wauzaji wa chakula, watu wa famasia, wa vituo vya mafuta, wanahabari na wengine. Tukaanza kuwaita watoa huduma muhimu. Ni jina zuri. Ila wengi wao mwezi mmoja kabla tulikuwa hatuwaiti kwa jina lolote.

Usiku huohuo wa 27 Machi, kafyu ikiwa na saa moja tu tangu ianze, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akaliombea dunia. Wengi tunaukumbuka uwanja mtupu na Msalaba uliolowa maji. Kilichosahaulika ni kwamba katika tafakari yake alitaja watu kwa kazi zao: madaktari, wauguzi, wafanyakazi wa supamaketi, wafagiaji, watunzaji wa wagonjwa, wasafirishaji, wa usalama, wa kujitolea, mapadre na watawa. Wafagiaji walitajwa sentensi moja na madaktari. Mimi naona hilo si jambo dogo.

Na si jipya pia. Soma Yoshua bin Sira sura ya 38, kitabu ambacho sisi Wakatoliki tuna bahati ya kuwa nacho kwenye Biblia yetu. Sura inaanza kwa kutuagiza tumheshimu tabibu, kwa maana tunamhitaji na Mungu ndiye aliyemweka. Ukiendelea hadi aya ya 24 na kushuka, mwandishi anahamia kwa mkulima anayewaza mifereji yake, mhunzi aliyechomwa na moto wa tanuri, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa mguu. Anasema wazi kwamba bila watu hawa mji haukaliki. Halafu anaongeza jambo la kuuma: watu hawahawa hawaitwi kwenye baraza, hawapewi kiti mbele. Mji unawategemea lakini hauwaulizi. Miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, na bado unaweza kufikiri anamwelezea soja wa getini kwenu.

Katika nchi nyingine watu walijaribu kushukuru kwa namna yao. Uingereza, kuanzia Alhamisi 26 Machi 2020, watu walitoka milangoni saa mbili usiku wakawapigia makofi wahudumu wa afya, wengine wakigonga sufuria. Walifanya hivyo kwa wiki kumi. Mwishowe mama aliyelianzisha jambo hilo ndiye aliyependekeza lisimame, akiona limeanza kugeuzwa la kisiasa. Siyakejeli makofi. Muuguzi anayetoka zamu akasikia mtaa mzima unampigia makofi, lazima roho yake inapata nguvu. Ila makofi hupigwa kutoka mbali, na baada ya makofi mlango unafungwa.

Hapa kwetu makofi hayakuwa mengi, tuseme ukweli. Wakati mwingine ilikuwa kinyume. Kumbuka madereva wa malori. Mafuta na bidhaa za Uganda, Rwanda na sehemu za Congo hutoka bandari ya Mombasa kupitia Malaba na Busia. Mwaka huo madereva walikaa kwenye foleni za mpakani siku kadhaa wakingoja majibu ya vipimo, wakilala ndani ya malori, na walikopita watu waliwaona kama korona yenyewe inatembea. Sukari iliyokuwa kwenye chai ya mtu huenda ilibebwa na dereva ambaye mtu huyohuyo asingemkubali hata atumie choo chake. Wahudumu wa afya nao, katika nchi kadhaa, walifukuzwa kwenye nyumba za kupanga kwa kuogopwa. Msamaria wa Luka angewaelewa: alikuwa na ukoma na alikuwa mgeni, mambo mawili ya kukimbiwa kwa pamoja.

Halafu lipo la mwezi wa Desemba 2020. Daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos, alifariki kwa ugonjwa huohuo. Chama cha madaktari kilisema alikuwa ameenda miezi kadhaa bila mshahara. Miaka 28! Kwa wengi wenu mnaosoma hapa huyo ni kaka tu. Mwezi huo wauguzi na matabibu waligoma, na madaktari wakafuata, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya miongoni mwa mengine. Kuna waliosema kwamba watu wa huduma hawafai kugoma, kazi yao ni wito. Ni kweli ni wito. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inapotaja dhambi zinazolia hadi mbinguni, inataja kumdhulumu mfanyakazi ujira wake pamoja na damu ya Abeli. Mtakatifu Yakobo katika sura ya 5 anasema ujira uliozuiwa wenyewe unapiga kelele. Kumwita mtu shujaa huku hujamlipa ni namna ya kumnyamazisha kwa sifa.

Kwa hiyo kijana ambaye si waziri wala mkurugenzi afanye nini? Anza na pale mkono wako unapofika. Dada anayefanya kazi za nyumbani kwenu: je, analipwa kwa tarehe? Kama wewe si mwenye nyumba, unaweza angalau kufua nguo zako na kumwambia baba au mama kwa heshima kwamba mwezi umeisha. Mama mboga aliyefungua kibanda wakati masoko yamefungwa: mlipe deni lake kabla hajakuuliza, na usimbane kwa shilingi tano ambazo dukani kubwa usingethubutu kubishania. Watu wa kuzoa taka: funga chupa zilizovunjika kando, zisimkate mtu mikono. Na wakati wa ugonjwa kama ule, kuvaa barakoa na kubaki nyumbani ulipotakiwa ilikuwa shukrani ya kwanza kwa muuguzi, maana kila asiyeugua ni kitanda kimoja kilichopumzika.

Sala pia, lakini sala yenye anwani. Kwenye Sala ya Waumini huwa tunaomba kwa ajili ya wagonjwa na viongozi. Jumuiya yenu Ndogo Ndogo ikiandaa Misa, wekeni nia kwa ajili ya madereva wa usiku, au wanaosafisha vyumba vya hospitali. Tarehe 8 Desemba 2020 Baba Mtakatifu alitoa barua kuhusu Mtakatifu Yosefu, na humo akawakumbuka tena wale watu wa kawaida wasioonekana kwenye magazeti walioshikilia maisha yetu. Seremala yule hakuacha neno hata moja lililoandikwa katika Injili. Tunamjua kwa kazi na kwa kuamka usiku kumlinda Mtoto.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Tukaendelea na safari kama wale tisa: shule, kazi, harusi zilizoahirishwa. Watu wale bado wako palepale. Soja bado anakesha, na muuguzi wa zahanati bado ana foleni ndefu kuliko saa zake.

Kazi ya wiki hii ni kurudia Luka 17:11-19 kila jioni kabla ya kulala, polepole. Kisha mchague mtu mmoja aliyefanya kazi wakati wewe umefungiwa ndani, na umwendee kwa miguu, si kwa ujumbe wa simu. Msalimie, muulize jina kama hulijui, umwambie unachokumbuka alikifanya. Kama kuna unachodaiwa naye, nenda nacho. Wenye jumuiya mnaweza kujadili swali hili Jumapili: katika mtaa wetu, ni nani tunayemtegemea na hatujawahi kumkaribisha kwenye jumuiya?