Pesa za mlezi zinavyofika hadi moyoni mwa yatima

Ukipita katika mtaa wowote wa mabanda jijini Nairobi alfajiri, hutakosa kumwona nyanya akiwaharakisha wajukuu waende shule. Wazazi wao walifariki, na majirani huutaja ugonjwa uliowaua kwa kunong'ona tu. Wengi wetu hujiuliza kama watoto hao wamekula. Ni nadra mtu kuuliza wanawaza nini.

Juma hili tunaangazia pesa ambazo serikali huwapa walezi wa mayatima na watoto wengine walio katika hali ngumu. Mpango huu ulizaliwa na janga la Ukimwi, ambalo lilitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Mnamo 2004, kwa msaada wa shirika la UNICEF, familia 500 za Garissa, Kwale na Nairobi zilianza kupewa shilingi 500 kwa mwezi. Baadaye kiwango kilipanda hadi shilingi 1,500, kisha 2,000, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Siku hizi ni sehemu ya Inua Jamii, mpango unaowahudumia pia wazee na walemavu.

Nia ilikuwa watoto wabaki katika jamaa zao badala ya kupelekwa katika makao ya mayatima, walishwe na wasome. Walezi waliambiwa kwamba pesa ni za kumtunza mtoto, lakini hakuna afisa aliyewafuata dukani kuona wananunua nini.

Kati ya 2007 na 2011 watafiti walizifuatilia familia zaidi ya 2,000 katika zilizokuwa wilaya saba, zikiwemo Kwale, Kisumu na Homa Bay. Walilinganisha familia zilizopokea pesa na nyingine maskini kama hizo ambazo zilikuwa hazijaingizwa katika mpango. Waliopokea walikula vyakula vya aina nyingi zaidi, mathalani nyama, samaki na maziwa. Watoto wengi zaidi waliingia shule ya upili, na wavulana walipunguziwa kazi za shambani. Gharama ya pombe na tumbaku haikuongezeka. Wanaodai kwamba maskini akipewa pesa huzinywa wasome sentensi hiyo mara mbili.

La ajabu lilionekana kwa vijana. Miongoni mwa wale wenye umri wa miaka 15 hadi 25 ambao hawakuwa wamewahi kufanya ngono utafiti ulipoanza, uwezekano wa kuanza ulipungua kwa asilimia 31 katika familia zilizopokea pesa. Mimba za mapema zilipungua pia. Hakuna aliyewahubiria. Msichana ambaye nyumbani kuna unga, sabuni na sodo, na ambaye hajafukuzwa shule kwa ajili ya karo, ana sababu chache za kumhitaji yule "rafiki" anayemnunulia chipsi. Hata hivyo, kwa vijana waliokuwa wamekwisha kuanza, pesa hazikuonekana kubadili matumizi ya kondomu wala idadi ya wapenzi. Hapo mafunzo na kliniki bado vinahitajika.

Vijana waliulizwa pia maswali kuhusu juma lililotangulia: wamelala vizuri? Wamejihisi wapweke? Wana matumaini na siku zijazo? Majibu huwasaidia wataalamu kutambua huzuni isiyokwisha, ambayo kitabibu huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Katika familia zilizopokea pesa, uwezekano wa kuwa na dalili hizo ulikuwa chini kwa asilimia 24. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa mayatima, na kwa wavulana wa miaka 20 hadi 24.

Kwa wasichana haikuonekana. Kwa maoni yetu si ajabu sana. Mvulana aliyekuwa akihangaika atafute kibarua ili wadogo zake wale, pesa zikija hupumua. Msichana bado atateka maji, atapika, atafua na kumuuguza nyanya, pesa ziwepo zisiwepo. Mzigo wake hauhesabiwi kwa shilingi.

Upungufu mwingine ni kwamba kiasi ni kimoja, awe mlezi ana mtoto mmoja au saba. Ndiyo maana familia ndogo zilinufaika zaidi. Isitoshe, shilingi 2,000 zilikaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga na mafuta ikipanda. Na mara nyingi malipo yamechelewa kwa miezi. Yakichelewa, mlezi hukopa kwa mwenye duka, na pesa zikifika huwa zimekwisha kuliwa. Kijana aliyeanza kulala usingizi kwa kujua kuwa karo itapatikana hurudi katika wasiwasi uleule. Afya ya akili aliyoipata ilitokana na uhakika, na ucheleweshaji huondoa uhakika huo.

Msomaji, huenda nawe una jamaa mashambani anayelea yatima. Usajili unapofunguliwa hutangazwa na machifu, na afisa wa watoto hutoa maelezo. Mlezi awe na kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na, vikipatikana, vyeti vya kifo vya wazazi. Vyeti hivyo ndivyo huwakwamisha wengi, basi visaidie kutafutwa mapema.

Ikiwa wewe ndiwe humtumia nyanya pesa, kiasi kidogo kinachofika tarehe ileile kila mwezi humfaa kuliko kitita cha Krismasi. Na mtoto akiacha kucheza, asipolala, au akisema heri angekufa, usimkemee. Mpeleke katika kituo cha afya. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo, mchana na usiku.